Maji ya Bi Mitungi

Watu walimwita Bi Mitungi, na jina likamkaa, maana karibu kila nyumba mtaani ilikunywa maji ya mtungi alioufinyanga yeye. Kunywa nyumbani kwake ndiko kulikokuwa mwiko. Wafinyanzi, ilisemwa, wana mkosi, na mkosi wao huambukiza. Ajabu ni kwamba mitungi yao haikuambukiza kitu, hasa ikiuzwa kwa bei poa. Binadamu ana akili zake.

Mumewe alipofariki, majirani walikuja kumpa pole, wakasimama nje ya ua, juani, mpaka midomo ikawakauka. Akawatolea maji. Walishukuru sana, wakayaacha pale pale. Siku ile yale maji yalimuuma kuliko msiba wenyewe, na hakumficha mtu.

Kwa hiyo tume ya katiba mpya ilipokuja kukusanya maoni ya jamii zilizosahauliwa, naye alikwenda, udongo ungali kwenye kucha. Wenzake waliomba barabara na zahanati. Mjumbe wa tume, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akamgeukia.

"Na wewe, dada? Kwenu maisha mazuri ni yapi?"

"Mgeni aje kwangu, nimpe maji, anywe," alisema Bi Mitungi. "Basi. Mtu akinywa kwako, ujue na wewe ni mtu. Hayo mengine mtatuletea, na bado watu watatupita tu."

Mjumbe akatoa kitambaa, akajifuta machozi.

Katiba ikapita. Ilitamka kwamba ustawi wa kila jamii utapimwa kwa namna jamii yenyewe inavyouelewa, na redio ikasema wazo hilo lilitoka kwa mfinyanzi mmoja. Wateja walimpongeza, wakiwa wamesimama nje ya ua kama kawaida. Kisha habari ikaja kwamba mjumbe atamtembelea nyumbani, na atakunywa.

Mama mkwe wake, mfinyanzi wa zamani ambaye macho yalishazima na sasa alikuwa mtu wa kitandani, alishikwa na kiherehere cha mtoto.

"Nimezeekea humu sijapata kumpokea mgeni akanywa," alisema. "Nisije nikafa kabla ya siku yenyewe."

Bi Mitungi akafinyanga kikombe kipya, chembamba, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuuza.

Mjumbe alikuja na wapiga picha. Aliketi kwenye kigoda, akakisifia kikombe, akakipokea kwa mikono miwili. Akakipeleka mdomoni. Kamera zikamulika, makofi yakasikika hadi barabarani. Halafu akakiweka chini taratibu, akamkumbatia mwenyeji wake, akaaga. Kazi zilikuwa nyingi.

Bi Mitungi aliinama kukichukua. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, kama alivyokijaza. Alisimama nacho, akatamani kukipasua ukutani.

"Mwanangu," mama mkwe aliita kutoka chumbani. "Amekunywa?"

"Amekunywa, mama."

"Yote?"

"Yote. Kasema matamu."

Bibi kizee akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu msiba. "Hebu kilete nikishike."

Hakuwa na moyo wa kuyamwaga, akampelekea kikombe kama kilivyo. Vidole vya mama mkwe vilizunguka ukingo mwembamba, maji yakavilowesha. Kicheko kikaisha. Bi Mitungi akangoja swali, na swali halikuja. Bibi kizee alikinyanyua kile kikombe, akanywa polepole mpaka kikaisha, akamrudishia.

"Kweli," alisema. "Ni matamu."