Kupeleka Hendeli Mikumi

Nilisafiri kwenda Mikumi kwa sababu ya chuma kinachofunga mlango wa mama yangu. Ni hendeli ya Landrova ya marehemu baba, ile fimbo iliyopinda ya kuzungushia injini mpaka iwake. Baba alipofariki gari tuliliuza, hendeli ikabaki Kimamba, na mama akawa anaipachika mlangoni kama komeo. Juzi Mzee Malugu wa Mikumi, anayefufua magari ya zamani nyumbani kwake, alinipigia: gari lile analo yeye, injini tayari, hendeli hana. Nilitamani kuusikia mlio ule hata mara moja. Mama alikubali kwa shingo upande.

"Naazimisha tu. Jioni irudi."

Saa moja asubuhi nilipita kwanza kwenye banda ambamo baba alikuwa akililaza gari: nguzo za miti ya mkonge, bati chakavu, shimo la kuingilia chini ya gari. Humo nilikuwa nampa baba spana. Siku hizi wanalala kuku, na shimo tumelifukia. Nikapanda bodaboda, hendeli nimeipakata ndani ya kanga.

Kilosa nilipata basi dogo. Jirani yangu kwenye kiti aliuliza nimebeba jembe la aina gani. Nikamwambia la kulimia barabara, akaniacha.

Saa tano nilikuwa Mikumi. Gereji ya Mzee Malugu ina vigae sakafuni na taa nyeupe, na spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Vigae hivyo vilikuwa vya sebuleni kwangu!" mkewe alipaza sauti kutoka jikoni.

Landrova ilikuwa na rangi mpya, nikawa kama siifahamu. Kisha nikaona mlangoni kile kibonyeo ambacho baba alikataa kukinyoosha.

"Zungusha wewe," mzee alisema. "Bega langu limegoma."

Baba hakuwahi kuniruhusu. Lakini maneno yake niliyakumbuka: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, injini ikiirudisha hendeli kwa nguvu isikuvunje kidole. Mara ya tatu ikawaka. Nililia, sifichi. Nikampigia mama, simu nikaisogeza kwenye boneti.

"Mwambie asikanyage mafuta hivyo," mama alisema. " Baba yako hakuwa anakanyaga."

Mzee Malugu, aliyekuwa ameketi kwenye usukani, akapunguza.

"Eeh. Hapo sasa," mama alisema. "Hendeli iache hukohuko."

"Na mlango, mama?"

"Si kuna kitasa ulichoniwekea? Kinafunga vizuri tu, miaka yote."

Kumbe. Na mimi nilivyomnunia kwa kukidharau kitasa kile! Njiani kurudi nilielewa kwamba hamu niliyoiita yangu mama alikuwa nayo kubwa zaidi, na kila jioni aliishika mkononi.

Nilifika Kimamba jua linazama. Alikuwa ameketi mlangoni, mlango wazi.

"Mikono inanuka petroli?"

Nikamnyooshea. Aliinusa, akafumba macho, na hakuiachia.