Mama Alivyotengwa kwa Amani

"Huku kuna amani tupu, mwanangu," mama aliniambia kwenye simu. "Siku hizi hakuna hata anayenisalimia."

Nilikuwa mwaloni Nkome, kando ya ziwa, nageuza dagaa wangu juani, simu nimeibana kwa bega. Nikacheka, nikidhani ni utani wake wa kila siku. Kumbe kijiji kizima kimemtenga! Mama yangu, mjane, miguu yenyewe mibovu, anaishi peke yake kule Kishapu, karibu na Songwa, na atakayemsemesha anatozwa faini. Nilitukana mpaka wavuvi wakageuka kunitazama, na wavuvi wa Nkome si watu wa kushtushwa na matusi.

Niseme ukweli, mimi ni mmoja wa wanaoisifu nchi hii mpaka povu linatoka. Nina mteja wangu kutoka ng'ambo ya mpaka, ananunua dagaa kwa magunia, na kila akija namwimbia yaleyale: sisi huku hatupigani, sisi ni watu wa amani, Msukuma, Mzinza na mtu wa pwani tunakunywa chai meza moja. Siku moja akaniuliza kwa upole, "Na mwizi akikamatwa, dada?" Nikamjibu bila kufikiri, "Aa, mwizi ni mwizi bwana!" Akaendelea kukagua mzigo. Mimi nami nikaendelea kufunga magunia, wala sikuona kama nimesema kitu.

Kisa cha mama kilikuwa hivi. Asubuhi moja jirani yake alikuta mbuzi mmoja hayupo zizini, akapiga yowe. Kwetu yowe likipigwa unatoka, uwe unapika, uwe unanyonyesha. Asiyetoka ana kesi mbele ya sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Wanaume wakatoka na marungu, mwenye mbuzi akiwa mbele na shoka lake. Njiani wakamwona mtu wasiyemjua, mtu mzima, mchimbaji kwa mavazi yake, vumbi kuanzia unyweleni hadi unyayoni. Wakamwita, akakimbia. Jamani, nani aone shoka asikimbie? Akaingia uani kwa mama, akaanguka miguuni pake, pumzi zimemwishia.

Mama akamwingiza kwenye kihenge, ambacho kilikuwa kitupu kwa sababu mtama ulikuwa bado shambani. Akafunika, akaketi mbele yake kuchagua choroko. Wale walipofika wanahema akawaambia mbuzi hajamwona. Na kweli, mbuzi hakumwona.

Jioni mgeni akaenda zake. Kama aliiba au hakuiba, hatujui mpaka leo, na mbuzi hakuonekana tena. Kesho yake kwenye mkutano kamanda wa sungusungu akamuuliza mama kwa nini hakuitikia yowe. Mtu mwingine angesingizia miguu, yakaisha. Mama yangu? Thubutu!

"Ningetokaje," akasema, "nimwache mgeni peke yake?"

Ndipo wakamtenga. Nilifunga safari siku ileile aliyonipigia, basi hadi basi, hasira ikinipanda kila kituo. Nilipofika nilimkuta mzima, amekaa kizingitini, amekonda kidogo, anatabasamu. Nikamwambia afungashe tunaondoka. Akaniuliza Nkome ataishije na ile harufu. Nikamwambia harufu haiui, ila ukianguka humu ndani na hakuna anayeruhusiwa kukuita, utaoza ndiyo wajue. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Mama akaniambia nisiongee kwa sauti, jirani anaongea na kuku.

Nikadhani sasa na akili zimemtoka. Nikasikiliza. Upande wa pili wa ua wa minyaa, mke wa yuleyule mwenye mbuzi alikuwa anamsema kuku wake: "Wewe kuku! Bomba limefunguliwa sasa hivi, maji yanatoka, foleni ni fupi. Unazubaa nini?" Mama akachukua ndoo. Akaniambia kila siku ndivyo wanavyoishi. Kuku ameshaelezwa bei ya nyanya mnadani, nani kajifungua, nani kafiwa. Naye mama akitaka kujibu anamgombeza paka. Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli. Wanawake wawili wazima, marafiki wa miaka yote, wanapitisha salamu kwa kuku!

Nikaenda kwa kamanda. Mzee mpole, alinipokea vizuri, akaniletea kiti na maziwa. Nikapiga goti, nikamwamkia, halafu nikamuuliza kwa nini wanamuua mama yangu taratibu.

"Aa, mwanangu, usiseme hivyo," akasema, na kwa kweli aliumia. "Nani amemgusa? Hata jiwe hatujamrushia. Sisi ni watu wa amani."

Nikataka kumjibu vibaya. Lakini maneno yalikuwa yangu, yaleyale ninayomwimbia mteja wangu, na sauti ilikuwa ileile. Nikanywa maziwa yake. Akanitajia masharti: mbuzi mmoja, unga na mchele wa kulisha kijiji, na mama asimame mbele ya watu aseme "nimekosa".

Mbuzi nikanunua mimi. Lile neno ndilo lililotukalisha siku mbili tukigombana. "Waje wale, washibe, nitawapikia kwa moyo mmoja," mama akasema. "Neno sina. Mbuzi mwingine atazaliwa. Yule mtu wakishampasua kichwa, nani atamzaa tena?" Nikambembeleza, nikanuna, nikamwambia achague: neno au Nkome. Akaingia jikoni kuosha masufuria.

Siku ya kula wakaja wote, nawaambia, hata wasiotembea waliletwa kwa baiskeli. Wanawake waliingia jikoni kwa mama bila kubisha, wakashika miiko, wakaanza kuongea wote kwa pamoja kana kwamba waliokuwa wamezibwa vinywa ni wao. Mke wa jirani alimkumbatia mama, akamwambia sasa kuku wake atapumzika. Nyama ilinukia, watoto walizagaa, na mimi nilijisikia raha ambayo sikuitarajia. Nawapenda watu wale. Ndio walionilea, na ndio waliokuwa na marungu.

Kamanda akasimama, akaomba lile neno. Mama akajifuta mikono kwenye khanga, akasimama.

"Nimekosa," akasema.

Vigelegele! Nami moyo ukashuka mahali pake. Lakini mama hakuketi.

"Na akija mwingine anakimbizwa, nitakosa tena."

Nikamwangalia kamanda, naye akaangalia bakuli lake. "Neno la kwanza tumelisikia," akasema. "La pili upepo umelichukua. Tuleni, chakula kinapoa." Watu wakaangua kicheko, mikono ikarudi kwenye ugali. Ndivyo yalivyokwisha, na mama yuko kwake mpaka leo, ana wageni wengi kuliko mimi.

Ila jambo moja silisahau. Watu walipoanza kupungua, yule mwenye mbuzi alikuja jikoni peke yake, bakuli mkononi. Ni mtu mkubwa wa mwili, lakini aliinama mlangoni akabaki ameinama.

"Shikamoo, mayu," akamwamkia, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba."

"Siku ile nilikuwa mbele," akasema, hakumtazama usoni. "Mayu, ningemkuta ningemuua. Nilikuwa nimeshaamua."

Mama akachukua lile bakuli kutoka mkononi mwake, akachota mchuzi, akatafuta kipande kizuri cha nyama, akamwekea.

"Najua, mwanangu," akasema. "Siku ile nilikuwa nimewaficha wawili, yeye na wewe."