Kivuli Kilichochelewa Kondoa

Baba yake Zuhura alitaka kuniona kabla sijatuma wazee wa posa. Sifa zangu zilishamfikia: mwalimu wa jiografia anayehama shule kama anayefukuzwa na nyuki. Zuhura, anayeshona nguo Kizota hapa Dodoma, alinionya mapema. "Baba anataka mtu aliyetulia." Mimi na utulivu ni mbingu na ardhi. Kwa wasiwasi nikamropokea mzee kwenye simu kwamba siku nitakayokuja, saa sita kamili mchana, vivuli vitapotea hapo kwake Kondoa. "Njoo tuone," akajibu.

Alfajiri nilitoka kwangu Kikuyu, Dodoma, bila hata kunywa chai. Basi lilipopita mizabibu ya Makutupora nilikuwa nimeshafungua na kufunga dirisha mpaka mama niliyekaa naye akauliza kama naumwa tumbo. Nikamweleza. Dunia imeinama kidogo inapolizunguka jua, ndiyo maana jua la utosi halikai mahali pamoja. Miezi mingine liko kaskazini, mingine kusini. Mwanzoni mwa Oktoba linapita juu ya Kondoa likishuka kusini. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na mahari umeandaa?" akauliza.

Kondoa niliingia kabla ya adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope. Baba mtu, Mzee Idi, ni seremala. Nilimkuta uani na wanawe wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwalimu wa vivuli."

Walikuwa wamesimika mpini wa jembe ardhini na kuunyoosha kwa timazi, usije ukainama upande wangu wala wao.

Saa sita kamili kivuli kilikuwepo, kirefu kama kiganja. "Mwalimu, hiki nacho ni nini?" akauliza kaka mkubwa wa Zuhura, na mdogo wake akacheka mpaka akakaa chini. Niliona aibu, na hasira ikanipanda. Mkono ulishashika mkoba. Basi la kurudi lilikuwa karibu kuondoka. Zuhura, aliyetangulia kwao tangu juzi, akapita na jagi la maji, akaninong'oneza, "Kaa."

Nikauweka mkoba chini, nikakaa.

Ndipo redio ya mezani ikatoa adhana ya adhuhuri kutoka Dar es Salaam. Hakuna aliyeinuka. "Hatuendi msikitini?" nikauliza.

"Hiyo ya Dar," alisema Mzee Idi, akiendelea kupiga msasa mguu wa kiti. "Yetu bado."

Nilijicheka kimoyomoyo. Kila mwaka nasimama ubaoni nikifundisha kwamba Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, kwa hiyo Dar hulipata jua la utosi kabla yetu sisi wa bara. Saa ni ileile nchi nzima, lakini jua halivai saa. Na mimi mwenyewe kule Dodoma naswali adhuhuri karibu na saa sita na nusu, miaka yote, bila kujiuliza.

"Mzee, naomba tusubiri."

Tukasubiri. Kivuli kikafupika, kikafupika, kikaingia chini ya mpini. Yule mdogo alizunguka pande zote akikitafuta. Muda si mrefu msikiti wa jirani ukaadhini, tukaenda kuswali.

Baada ya ubwabwa Mzee Idi akanigeukia. "Na kwenu Dodoma kitapotea lini?"

"Baada ya siku tatu, mzee. Jua linashuka kusini."

"Basi siku hiyo utapata jibu. Ungeondoka saa sita kamili, ningekupa leo leo, nalo lingekuwa hapana."

Njiani kurudi sikugusa dirisha, ingawa vidole viliniwasha. Siku zilizofuata zilinitesa, nasema kweli. Lakini nilijifunza kwamba hata nikikaa kitako Dunia inanibeba. Kwa shule zote nilizohama, sikuwahi kuitangulia hata hatua.

Siku yenyewe nilisimika mpini wa fagio uani Kikuyu. Simu ikaita.

"Kimepotea?" Ni Mzee Idi.

Nilitamani kusema ndiyo. "Bado, mzee. Kimebaki kama kidole."

"Tusubiri."

Hakukata simu. Nilimsikia akipumua, na msasa ukikwaruza mbao. Nilisimama palepale, jua likinichoma utosi, mpaka mpini ukabaki peke yake.

"Sasa kimepotea, mzee."

Msasa ukanyamaza.

"Walete wazee wako," akasema.