Mume Wangu Aliniambia Ameacha Siasa

Admin, jina langu lifiche kabisa. Huku kwetu tunatambuana hata kwa kukohoa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, natoka pande za Matinyani, Kitui. Niko kwa ndoa zaidi ya miaka thelathini. Watoto ni wakubwa, wako Nairobi na maisha yao. Mume wangu hanywi, hanipigi, hana mpango wa kando. Ukituona kanisani Jumapili utasema hawa wamebarikiwa. Ndiyo maana naona aibu kuandika, kwa sababu kinachoniumiza najua wengine mtakicheka.

Mimi napenda habari. Si zile za nani ameachana na nani, hapana. Napenda za bunge na za korti: nani ameshtakiwa, jaji amesema nini, rufaa inasikizwa lini. Mume wangu alikuwa hivyo hivyo, na kusema ukweli ndoa yetu ilisimama hapo. Wengine hupelekana matembezi, sisi tulikuwa tunabishana. Saa ya habari redio iko mezani, ugali unapoa, mimi nasema jaji amekosea, yeye anasema jaji yuko sawa, mpaka majirani wanafikiri tunapigana. Alikuwa ananiita "Wakili". Tulikuwa tunaenda kulala tukicheka.

Halafu akachaguliwa mzee wa kanisa. Wiki hiyo hiyo akaniambia, "Mama, mimi na siasa tumeachana. Hiyo ni maneno ya dunia. Usiniletee tena." Nikaheshimu. Redio ikahamia jikoni, nikawa naisikiliza peke yangu nikipepeta ndengu.

Sikujua mtu anaweza kuwa mpweke hivi na mume ameketi hapo kwenye kiti. Nikiwapigia watoto niwaulize wameonaje uamuzi fulani, wananiambia, "Mum, achana na hizo stress." Kwa chama cha akina mama ni harusi na matanga tu. Nilifika mahali pa kuwaelezea kuku mambo ya Seneti, na sifanyi mzaha. Lakini asubuhi nikimimina chai, neno moja au mawili yalikuwa yananitoka tu. Yeye alikuwa anaangalia kikombe, hajibu kitu.

Sasa sikieni. Kaunti iliweka ushuru mpya kwa kila gunia la ndengu linaloingia sokoni. Wafanyabiashara wakaenda kortini, wakasema wananchi hawakuulizwa. Kaunti ikajibu kwamba mkutano uliitishwa. Asubuhi moja, nikiongea na ukuta kama kawaida yangu, nikasema, "Huo mkutano uliitishwa wakati ushuru umeshapitishwa. Ukiuliza mtu kama anataka sukari na wewe umeshakoroga, hapo umemuuliza nini?" Mume wangu alimaliza chai, akachukua kofia, akasema anaenda sokoni Kabati kutengenezesha baiskeli.

Mchana nikakumbuka dawa ya wadudu wa ndengu imeisha, nikaenda Kabati pia. Nikipita nyuma ya kibanda cha kinyozi nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa miaka miwili. Ilikuwa sauti ya mume wangu akibishana, ile ya juu, ya kucheka katikati. Nikasimama hapo hapo.

"Wacha niwaambie," alikuwa anasema. "Ukiuliza mtu kama anataka sukari na wewe umeshakoroga, hapo umemuuliza nini?"

Wanaume wakaangua kicheko, mmoja akapiga benchi kwa mkono. "Wee mzee, hiyo umetoa wapi? Si ungesomea sheria!"

"Hii yote iko kwa kichwa," akawaambia.

Mwingine akauliza kama hata mama nyumbani hufuatanga hiyo kesi.

"Nani, yule? Yule ni kuku na ndengu tu. Hiyo maneno hawezi."

Nilirudi nyumbani bila dawa. Nililia barabarani mchana kweupe, watu wakinisalimia nasema ni vumbi. Na si kwa sababu ameniibia maneno, maneno ninayo mengi. Nililia kwa sababu alikuwa ananisikia. Asubuhi zote hizo alikuwa ananisikia vizuri kabisa, na ameamua tu kuninyima jibu. Ubishi wetu hakuuacha. Aliuhamishia kwa kinyozi, akaniacha mimi.

Sijamwambia kwamba nilikuwa pale. Nilichofanya ni kunyamaza. Asubuhi namwekea chai, namwekea mkate, naenda kwa mifugo. Siku za kwanza hakuona tofauti. Baadaye nikaanza kumwona anakaa na kikombe ambacho kimeisha, kama mtu anayengoja gari.

Jana korti ilitoa uamuzi. Jioni nikikata mboga, akaja akasimama mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo hajasimama tangu awe mzee wa kanisa. Akaangalia nje kama anayetafuta mbuzi, akauliza, "Na ile kesi ya ndengu, korti imesema nini?"

Haya ndiyo maneno niliyokuwa nikiyaombea. Roho iliruka kama ya msichana. Nilikuwa nimesikiliza kila kitu, na nilikuwa na mambo ya kumwambia mpaka asubuhi. Nikajisikia nikijibu, "Sijasikiliza." Akarudi sebuleni. Sufuria ikaungua na mimi naiangalia.

Nikimwambia, kesho yatakuwa kwa kinyozi na mimi nitabaki mtu wa kuku. Nikinyamaza, pengine hataniuliza tena mpaka tuzikane. Na nikimwambia nilimsikia, mzee wa kanisa mzima, ataweka wapi uso wake?

Nishaurini, nifanye nini? Mnijibu mapema, tafadhali. Ninapoandika hivi ameketi nje. Leo amesogeza kiti mpaka chini ya dirisha la jikoni, hana redio, hana gazeti, ameelekeza sikio huku ndani.