Nusu ya Kichwa cha Mjomba

Jua la Uluguru halina haraka ya kumsaidia mtu. Linatoka likiwa limejifunika ukungu, kama mgonjwa aliyelazimishwa kuota moto, na zipo asubuhi halitoki kabisa. Ndilo jua ambalo watu wa mbali wenye fedha nyingi waliamua kuliwekezea, na mimi nilikuwa mmoja wa waliotumwa kuliuza.

Kazi ile sikuipata kwa elimu. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimepakia vitunguu Dumila, nimelinda mabweni ya wanafunzi Mzumbe, nimefungua redio za watu ili nione kinachoongea humo ndani, nikashindwa kuzifunga. Kampuni ya sola ilipotafuta mawakala, swali la kwanza lilikuwa kama naweza kupanda mlima nikiwa na paneli mgongoni. Swali la pili halikuwepo.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi mmoja Mafiga, kwa chai na sambusa. Mkufunzi, kijana aliyevaa tai kwenye joto lile, alituonyesha ukutani picha ya familia iliyokaa gizani imenuna, kisha familia hiyo hiyo chini ya taa inacheka. Nikajifunza kwamba kabla ya sola watu wa milimani walikuwa hawana la kuwachekesha. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Mteja analipa kidogo kidogo kwa simu. Akilipa, namba za kufungulia zinaingia kwenye simu iliyoandikishwa, kama zile za luku ya umeme. Anazibonyeza kwenye boksi lenye betri, boksi linawaka. Muda aliolipia ukiisha, linajifunga lenyewe, hata kama jua limekaa juu ya bati linamtazama.

"Mkataba tunaandika jina la mkuu wa kaya," alisema mkufunzi. "Na simu yake."

"Mkuu wa kaya ndiye nani?" mtu wa nyuma akauliza.

"Baba. Labda kama amefariki."

Hakuna aliyebisha. Mawakala wengi tulikuwa watu wa kuja. Mimi kwetu ni Tabora, ambako nyumba ni ya baba hata ikivuja. Hakuna aliyetuambia kwamba tunapelekwa kwa watu ambao ardhi inafuata ukoo wa mama, na mwanamume akioa, mara nyingi yeye ndiye anayehamia. Anakuja na panga lake, nguo zake na adabu zake. Adabu zikiisha, anaondoka na hivyo viwili vya kwanza.

Mteja wangu bora alikuwa mwanamke mmoja kwenye kitongoji kilicho juu ya Kinole. Nguzo za umeme zilifika hadi shuleni, chini yake, zikautazama mlima uliobaki, zikaghairi. Yeye alijenga kibanda mbele ya nyumba yake, kwenye shamba la ukoo wake, akanunua kwangu paneli, boksi na mashine ya kunyolea. Akawa kinyozi. Wanaume walicheka kwa muda, kisha nywele zikawakulia, wakaja. Jina kwenye mkataba lilikuwa la mumewe, mtu wa ng'ambo ya bonde, aliyeshika ngazi wakati mimi nafunga paneli, akapigwa picha kana kwamba amelitengeneza jua.

Ndoa ikavunjika. Sikuuliza sababu, nikaambiwa hata hivyo, na watu wanne tofauti. Mume akachukua panga na nguo, akarudi kwa mama yake. Na simu akaondoka nayo, kwa sababu simu ni yake.

Kuanzia siku hiyo mwanamke akawa analipa yeye, na namba zinaingia kwa mwanamume. Nilikuwepo siku moja akimpigia. Aliweka simu kwenye kipaza sauti ili mikono iwe huru kubonyeza.

"Salamu kwanza," ikasema simu.

"Habari za huko. Soma."

"Za huku si nzuri, mtu analala peke yake. Nne, moja... umekula?"

"Nimekula. Soma."

"Saba, saba... mjomba wako bado ananisema?"

"Wateja wananisubiri."

"Wateja unao, mume huna. Tisa. Subiri kidogo, mama ananiita."

Akakata. Wateja watatu waliokuwa kwenye benchi wakatazamana, wakanyanyuka, wakateremka kwa kinyozi wa shuleni. Mwanamke akafuta kiti ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja.

"Kaka wakala," akaniambia, "hiki kibanda ndicho kinanilisha mimi na watoto. Nikitaka yule bwana arudi, nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Sitaki arudishwe na boksi."

Nikapiga huduma kwa wateja. Akapokea binti mwenye sauti tamu.

"Tunaomba kuongea na mwenye akaunti."

"Mwenye akaunti ameachwa."

"Tunampa pole sana. Tunaomba kuongea naye."

Tuliendelea hivyo masika nzima. Kubadilisha jina kulihitaji idhini ya mwenye jina, na mwenye jina alikuwa amepata, kwa mara ya kwanza maishani, kitu ambacho watu walikuwa wanakihitaji kutoka kwake. Mtu hatoi idhini ya kuporwa neema kama hiyo.

Kisha wawekezaji wakataka kuja kuona jua lao. Meneja wa kanda akaniita.

"Tafuta mwanamke," akasema. "Wawekezaji wanapenda mwanamke mjasiriamali."

"Bosi, kwenye mikataba yetu huku juu hakuna mwanamke."

"Nimesema kwenye mikataba? Nimesema kwenye picha."

Nikamtajia kinyozi. Kitongoji kizima kikajiandaa. Watu waliwaita wageni hao wafadhili, na hakuna aliyekuwa na roho ngumu ya kuwaeleza kwamba mfadhili huleta na mwekezaji hufuata chake. Kina mama wakatunga wimbo wa kuomba barabara. Swali likabaki, nani atanyolewa mbele ya wageni? Mjomba wa yule mwanamke, mkubwa wa ukoo, akasema ni yeye. Kichwa cha mtu mwingine yeyote kingeuaibisha ukoo.

Mjomba alikuwa ananiita mtani, kwa sababu Wanyamwezi na Waluguru wana utani wa tangu enzi za kubeba mizigo, na alijua kuutumia.

"Mtani," alinipokea asubuhi ya wageni, "bado unabeba mizigo ya watu? Babu zako walibeba pembe, wewe unabeba kioo. Maendeleo hayo."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa mbali na nyama ya wageni."

Wageni wakafika wanahema, na mwanamama mmoja mwenye kofia pana ndiye alikuwa mkubwa wao. Nyuma yao, kwenye njia hiyo hiyo, akatokea mume wa zamani. Alivaa koti. Akawapa wageni mkono mmoja mmoja, akasimama karibu na meneja, mahali pa mwenye mali.

Mjomba akaketi, akafungwa kitambaa shingoni, mashine ikaanza kunguruma. Mpwa wake alinyoa upande wa kulia kwa mkono mtulivu. Mpiga picha wa kampuni akazunguka kama nzi. Mashine ilipofika katikati ya utosi, ikakohoa, ikanyamaza. Taa ya boksi ikawa nyekundu.

"Mbona imenyamaza?" mjomba akauliza.

"Imejifunga," akasema mpwa wake. "Nimelipa tangu alfajiri. Namba zimekwenda kwa mwenyewe."

Watu wote wakageukia koti. Mume wa zamani akatoa simu taratibu, akaishika kifuani.

"Namba ninazo," akasema. "Nimeona nizilete kwa mkono, kwa heshima. Lakini kwanza, mbele ya wakubwa hawa, niambiwe. Narudi nyumbani au sirudi?"

"Mkwe," mjomba akasema bila kugeuka, maana shingo ilikuwa imefungwa, "panga ulichukua?"

"Nilichukua."

"Nguo?"

"Nilichukua."

"Basi hapa umesahau nini?"

Mwanamama wa kofia akauliza kinachoendelea. Meneja akamweleza kwa Kiingereza kwamba mzee ameguswa sana na teknolojia hata ameomba mapumziko. Kiingereza changu ni cha kusikilizia milangoni Mzumbe, lakini hicho nilikielewa. Mwanamama akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akauliza swali lingine, na safari hii meneja akalitafsiri kabla hajalifikiria. Anataka kujua mwenye mtambo huu ni nani.

"Mimi," akasema mume wa zamani.

"Ukoo," akasema mjomba.

"Kampuni," akanong'ona meneja, "hadi malipo yaishe."

Aliyekuwa anayalipa hayo malipo hakuulizwa. Alikuwa anapuliza nywele kwenye meno ya mashine.

Meneja akajaribu kumvuta mume wa zamani pembeni. Koti halikusogea. Akamgeukia mjomba, akamwambia mambo ya jina yana utaratibu, yatashughulikiwa, kwa sasa wageni waendelee na ratiba, wimbo wa barabara uko tayari.

"Na kichwa kina utaratibu," mjomba akasema. "Hakinyanyuki nusu. Nitakaa hapa hadi mtu aliyelipa apewe namba zake." Halafu akamwita mpiga picha kwa kidole. "Wewe, njoo. Piga." Akamgeuzia upande wa kulia, mweupe kama yai, akasubiri, akamgeuzia upande wa kushoto, wenye msitu. "Zipeleke zote kwao wafadhili. Waambie ndivyo sola inavyonyoa."

Mpiga picha hakuwa na ubaya, alifanya alichoambiwa. Nadhani hapo meneja aliiona picha ile ikiwa mezani kwa watu wenye fedha. Akapiga simu Dar es Salaam. Ule utaratibu uliotushinda masika nzima ukapatikana wakati kuku anavuka uwanja. Idhini ya mwenye jina haikutajwa tena.

"Jina jipya?" meneja akauliza, simu sikioni.

"Andika langu," mjomba akasema.

Mpwa wake akaiweka mashine mezani, akaanza kukifungua kile kitambaa shingoni mwa mjomba.

"Mjomba, ardhi ni ya ukoo, sikatai. Mlima wa ukoo, sikatai. Boksi hili nimelilipia mimi, kwa vichwa vya watu. Likiandikwa jina lako, hicho kilichobaki kakimalizie shuleni."

Mjomba akapitisha mkono kichwani, kulia kisha kushoto. Njia ya kwenda shuleni inapita msikitini, inapita dukani, inapita bombani ambako kina mama huchota maji bila haraka yoyote. Aliipima yote akiwa amekaa pale pale.

"Andika la mpwa wangu," akasema. "Mimi nilikuwa namwangalia kama yuko macho."

Simu ya mwanamke ikalia kwenye mfuko wa aproni. Akabonyeza namba mwenyewe, bila kuulizwa amekula nini. Mashine ikanguruma, wageni wakapiga makofi, wakidhani yote yalipangwa kwa ajili yao, na kina mama wakaimba kuhusu barabara. Mume wa zamani aliendelea kuishika simu kifuani, na namba zake ambazo sasa hazikufungua kitu.

Baadaye nilikiona kijitabu cha kampuni. Mjomba yumo, amenyolewa kichwa chote, anacheka kama wale wa ukutani, na pembeni liko lile koti. Chini wameandika ni familia moja yenye nuru. Fomu kule Mafiga bado ina nafasi ya mkuu wa kaya, na mawakala wapya bado wanaambiwa ni baba. Mimi niliacha kazi muda si mrefu baada ya hapo, si kwa hasira, ni kwamba nilisikia Dumila kuna mtu anakausha vitunguu kwa jua nikataka kujua anafanyaje.

Mwaka huu nilipita tena kule juu kunyoa. Benchi lilikuwa limejaa, na mbele yangu kwenye foleni alikuwa mume wa zamani, bila koti. Zamu yake ilipofika akaketi, akafungwa kitambaa. Mwanamke akaishika mashine hewani, haijawashwa.

"Salamu kwanza," akasema.

Benchi zima likageuza shingo.

"Habari za hapa," akajibu yule bwana, taratibu.

"Za hapa nzuri. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Akawasha. Alimnyoa vizuri, kichwa chote, akamtoza kama mtu mwingine yeyote.