Jina Lililochelewa Kuitikiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mapema mwaka 2012, Mratibu wa mfuko wa ufadhili pale Kasulu hakunipa hata kiti. Alinikabidhi rundo la mafaili, akaniambia nisome nikiwa nimesimama, maana viti vilikuwa viwili tu na cha pili kilikuwa kibovu. Mimi nilikuwa mwanamke wa Singida, nimeshastaafu ualimu, na nilijiona sina jipya la kujifunza kuhusu watoto wa shule. Uzee nao una kiburi chake.

Kazi ilikuwa hivi. Mwanafunzi aliyelipiwa ada tulimwita mfadhiliwa, na kila mfadhiliwa alikuwa na mlezi, mtu mzima wa kumtembelea shuleni, kusoma barua yake ya kila muhula na kumkalisha chini anapoyumba. Ninyi mnaolea kwa simu hamjui tulivyochakaza viatu. Msingi wa yote ulikuwa ziara ya nyumbani: unafika bila taarifa, unakula wanachokula, ndipo unajaza fomu ya hali ya kaya. Mratibu alikuwa na sheria moja, na aliniambia siku ileile.

"Mwalimu, usiandike ulichoambiwa. Andika ulichokiona."

Mfadhiliwa wangu wa kwanza alikuwa binti wa kidato cha kwanza katika shule ya bweni kule Kibondo, kwa jina Oliva. Nilimpenda, lakini alinitia baridi mwilini. Mwalimu alipoita majina, Oliva alichelewa kuitika. Hakuwa kiziwi wala mzembe. Alitulia kwanza, akatazama mlangoni, kama anayempisha mwenzake, ndipo akasema, "Nipo." Na barua zake zote zilisema "sisi". Tumefaulu hisabati. Tunaumwa kichwa. Nikadhani ndiyo adabu ya kwao, nikapita.

Katikati ya mwaka nikaenda kwao, Munanila. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, nikawa nasikia mtu akichanja kuni na simwoni. Mama yake, mjane, alinipokea kwa "mwakeye", salamu ya asubuhi ya Waha, akaniingiza ndani, akapakua ugali wa muhogo na maharage. Tulikuwa wawili, naye alipakua sahani tatu. Nikamuuliza kama kuna mgeni anakuja. Akaifunika ile ya tatu kwa kawa.

Nilipotoka nyuma ya nyumba kunawa mikono, nikaona msalaba wa mbao katikati ya migomba. Uliandikwa kwa rangi ya bluu: Oliva, na jina la baba yake, vilevile kama lilivyokuwa kwenye faili nililolibana kwapani. Nilisoma mara mbili. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Oliva yuko shule," alisema taratibu. "Na Oliva yuko hapa."

Kisha akanieleza. Mabinti zake wawili walimaliza darasa la saba pamoja. Oliva alichaguliwa kwenda sekondari na akapata ufadhili wetu. Mdogo wake, Yustina, hakuchaguliwa. Desemba malaria ikamchukua Oliva. Januari ikafika, nafasi ipo, sare imeshonwa, na Yustina akaivaa. Sahani ya tatu ilikuwa ya mwenye jina, asije akadhani amenyang'anywa.

Fomu iliuliza watoto walio hai katika kaya. Niliandika: mmoja, Oliva. Sauti ya Mratibu ilikuwa masikioni mwangu, na bado niliandika hivyo. Ningeandika nilichokiona, yule mtoto angerudi kushika jembe.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kibondo, chini ya Msimamizi wa Kanda, bwana aliyependa mihuri kuliko watu. Sikumwambia neno. Yustina, na sasa nimwite kwa jina lake, alikua mbele ya macho yangu. Wasichana waliotaka kuacha shule walimfuata yeye kabla ya kuwafuata walimu. Likizo alisimama kwenye mkutano wa kijiji kuwaomba wazazi wasiwakatishe mabinti masomo. Kijiji kizima kilijua siri yake. Walimwita "binti" tu. Hakuna aliyetaja jina lolote.

Mwaka 2014 shule ilitaka kumteua dada mkuu. Akaja kwangu, uso umempauka.

"Mwalimu, siwezi kuongoza watu kwa jina la marehemu. Nikiitwa, namsikia yeye akiitika kwanza."

Nilimuuliza kama anajua atakachopoteza. Alijua. Nikaona aibu, maana ulezi wangu wote ulikuwa wa kumficha, na mficha uchi hazai. Tulipanda gari hadi Kasulu, tukamweleza Mratibu yote. Aliisoma ile fomu yangu ya zamani, akaiweka kando.

"Ufadhili tulimpa Oliva, na Oliva hawezi kusoma. Umekwisha leo." Yustina akainamisha kichwa. Mratibu akavuta fomu mpya. "Haya, wewe unaitwa nani?"

Yustina aliomba upya, kwa alama alizozipata mwenyewe, akapewa. Akala kiapo mahakamani, na mkuu wa shule akarekebisha majina. Mimi nilipewa barua ya onyo. Ninayo hadi leo, na niliistahili.

Leo Yustina ni mtendaji wa kijiji na mlezi wa mabinti wengine. Watu husema ada ndiyo iliyomfikisha. Ada ilimfikisha darasani. Aliyemuuliza jina lake ndiye aliyemlea, na hakuwa mimi. Hilo linaniuma hata sasa.

Siku zangu za mwisho kazini ziliangukia mahafali ya kidato cha nne ya kina Yustina, mwaka 2015. Mwalimu wa taaluma alikuwa ameshika orodha ya zamani bila kujua. Akaita, "Oliva." Yustina hakusogea. Mimi mwenyewe, mtu mzima, nikageuka kutazama mlangoni. Akaita tena. Ndipo mama yake Yustina, kwenye benchi la nyuma, akasimama, akajifunga vizuri kitenge chake.

"Amepumzika," alisema.

Mwalimu akababaika, akaletewa orodha nyingine. Akaanza kusoma, "Yusti—"

"Nipo."