Swichi Nyuma ya Pazia

Shemeji yangu, mume wa dada, alilinda geti la kiwanda cha sabuni kwa miaka thelathini na moja, na kwa miaka yote hiyo hakuna lori lililotoka bila yeye kuridhia. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa anapiga honi na kusubiri. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri, akarudi kwenye nyumba ambayo mlangoni haipigwi honi.

Mwanzoni alihangaika kweli. Kisha akaweka daftari mlangoni. Sisemi utani: daftari la mistari, limefungwa kwa kamba kwenye kitasa pamoja na kalamu, lina safu nne: jina, saa ya kuingia, sababu ya kuja, saa ya kutoka. Majirani walicheka, wakaandika. Mimi nikija kumwona dada yangu wa tumbo moja naandika pia, maana nisipoandika siingii. Mimi na shemeji tunataniana mpaka mbavu zinauma, lakini kwenye daftari mtu yule hana utani.

Halafu akanunua feni.

Feni yenyewe nzuri, siwezi kuisema vibaya. Ya dari, panga tano, taa kubwa katikati, na rimoti. Rimoti ndiyo iliyomharibu. Jioni ikifika saa mbili anasimama katikati ya sebule, ananyoosha mkono juu kana kwamba anasimamisha lori, pip, taa imezimika, watu wakahamie chumbani. Hiyo peke yake isingekuwa kesi. Kesi ni kwamba shemeji hajawahi kutoka akaacha geti wazi wala ufunguo nyuma. Asubuhi anazima taa kwa rimoti, rimoti inaingia mfuko wa shati, kifungo cha mfuko kinafungwa, bwana mkubwa huyoo, kwenda kucheza drafti mpaka alasiri.

Na dada yangu ni fundi cherehani, anashonea hapohapo sebuleni. Dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, hatua mbili tu, kwa hiyo hata saa sita mchana bila taa huwezi kutofautisha uzi mweusi na wa bluu. Swichi ya zamani ipo karibu na mlango, lakini rimoti ikishazima taa, unaweza kuibonyeza swichi hiyo mpaka kidole kiote sugu. Inapeleka umeme kwenye boksi la rimoti juu ya dari, basi, na boksi linasubiri amri kutoka kwenye drafti. Dukani hawauzi rimoti ya pili mpaka ununue feni nzima. Taa ya mezani aliijaribu, waya ukanasa kwenye pedali, ikaenda chini na kuvunjika.

Jumanne moja akanipigia simu. Alikuwa amepata kazi ya sare za zahanati, arobaini, za kukabidhi Ijumaa. Sare moja alikuwa ameipachika mikono yote miwili ya kushoto.

"Wakinirudishia hizi, mdogo wangu, kazi ya pale sipati tena," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia.

"Si umwambie aiache rimoti?"

"Nilimwambia. Juzi aliiacha. Akarudi baada ya nusu saa, akakaa kwenye kiti amekunja mikono, siku nzima hakutia neno. Afadhali giza. Nataka swichi yangu. Ila yeye asijue. Karimoti kale ndiko kamebaki mkononi mwake, usimnyang'anye."

Mimi ni fundi umeme, mwaka wa kumi na sita huu. Nimeombwa mambo mengi ya ajabu, lakini kuficha swichi mwenye nyumba asiione sikuwahi. Nilifurahi kupita kiasi.

Jumatano nikafika shemeji akiwa ameshatoka. Daftari huwa analikagua jioni, kwa hiyo nikasaini. Sababu ya kuja: kusalimia. Ngazi ya futi nane begani, na nimeandika kusalimia.

Kazi yenyewe si ya kutisha ukiwa unajua unachogusa. Nilizima umeme wa nyumba nzima, nikapima kwa testa, nikapanda, nikashusha kifuniko cha feni pale juu. Waya wa taa ulikuwa unatoka kwenye boksi la rimoti. Nikauchomoa, na pale ulipokuwa nikapaziba vizuri. Kisha kwenye umeme unaoingia, kabla haujalifikia boksi, nikaunga waya mpya na kuushusha mpaka nyuma ya pazia, kando ya cherehani, kwenye swichi mpya. Kutoka kwenye swichi nikapandisha waya mwingine mpaka kwenye taa. Feni nikaiachia rimoti kama ilivyokuwa. Maana yake, ukibonyeza kitufe cha taa boksi litaendelea kulia pip kwa heshima zote, ila taa haitakuwa inalisikiliza.

Niko juu, bisibisi nimeiuma kwa meno, mlango ukafunguka. Shemeji alikuwa amesahau miwani.

Akaitazama ngazi. Akanitazama mimi. Akarudi mlangoni, nikasikia anafunua daftari, na kwa muda sikusikia kitu kingine.

"Shemeji," alisema aliporudi, "hapa umeandika kusalimia."

"Nilianza kwa kusalimia," nikasema. "Ndipo nikaona feni inachezacheza."

"Asubuhi ilikuwa imetulia."

"Feni huwa hazitoi taarifa, shemeji."

Dada akapiga chafya ambayo haikuwa chafya. Shemeji akachukua miwani mezani, akaivaa, akageukia pazia. Lilikuwa limevimba, maana ndoo yangu ya vifaa ilikuwa nyuma yake. Yeye akafunga kifungo cha mfuko wake.

"Ukimaliza, usisahau saa ya kutoka," alisema, akaondoka zake.

Nilijipigia makofi kimoyomoyo. Mlinzi wa miaka thelathini na moja, nimempiga chenga nikiwa juu ya ngazi.

Nilibaki mpaka jioni nifaidi ushindi wangu. Saa mbili shemeji akasimama, akanyoosha mkono, pip. Taa ikabaki inawaka, tena vizuri sana. Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika ujanja wangu wote sikuwaza nani ataizima. Shemeji akaigeuza rimoti, akaitazama tumboni. Dada, pini nne mdomoni, akasukuma kiwiko nyuma ya pazia, giza likaingia.

"Imechelewa kidogo," shemeji alisema.

"Ni umeme," nikamjibu.

"Eeh," akasema, "umeme siku hizi." Nikatoka mbio kabla kicheko hakijanitoroka, saa ya kutoka nikasahau kuiandika.

Ijumaa sare zilikwenda zote arobaini, mikono mahali pake, na zahanati wakaleta oda nyingine ya sitini. Dada akawa bingwa wa kiwiko. Pip na giza vikawa vinafika pamoja, hata jicho haliinui kwenye kitambaa.

Miezi minne baadaye nilikuwa pale jioni. Shemeji akasimama, akanyoosha mkono. Kiwiko kikaenda, taa ikazimika. Nikabaki na kitu kinanitatiza mpaka nilipojua ni nini: sikusikia pip. Shemeji aliweka rimoti mezani, akaenda chumbani na redio yake. Nikapapasa, nikaiokota. Ilikuwa nyepesi mno. Nikafungua nyuma, hamna betri hata moja. Chumbani redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari kwa sauti safi kabisa.

Nilitoka mlangoni kuandika saa ya kutoka, kwenye mwanga wa taa ya nje. Nikaona nirudi nyuma kurasa chache nisome uongo wangu wa ile Jumatano, nicheke.

Neno kusalimia lilikuwa limekatwa kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Juu yake, kwa mwandiko wa getini: *Kumwekea mke wangu swichi ya taa. Ameruhusiwa.* Chini ameweka sahihi na saa. Saa tano na dakika kumi, mimi nikiwa bado juu ya ngazi, bisibisi mdomoni.

Nikaingiza kichwa ndani nimwite dada aje aone. Alikuwa anakunja kitambaa gizani, anaimba kwa sauti ya chini, ameridhika na siri yake. Nikakitoa kichwa. Nikafunua ukurasa wa leo, nikaandika saa ya kutoka, nikafunga mlango polepole.